Vitabu vya Wasafiri wa Kizungu: Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Ndugu wanachama na wapenzi wa chama, juma hili hatusemi habari ya bei ya korosho wala ya ubovu wa barabara. Twasema habari ya vitabu. Najua wapo watakaouliza: je, njaa ya mtu yatulizwa na kitabu? Twawajibu kwamba mtu akiisha kuaminishwa kuwa babu yake hakuwa kitu, basi hata korosho zake ataziuza kwa bei yoyote atakayotajiwa, wala hatauliza. Kwa hiyo habari ya vitabu ni habari ya mfuko wetu pia, na ni habari ya heshima yetu.

Vitabu tunavyovisema ni vile vilivyoandikwa na wasafiri wa Kizungu waliopita katika nchi hii zamani, wakatutazama, wakaenda kwao wakaeleza jinsi tulivyo. Wengi wetu hatujapata kuvishika kwa mikono yetu. Lakini tumevishika kwa akili zetu bila kujua, maana yaliyomo yaliingia katika vitabu vya shule, na kutoka shule yakaingia vinywani mwetu wenyewe.

Sisi wa Lukuledi, Masasi na Newala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katikati ya mwaka 1906 alishuka Lindi Mjerumani mmoja jina lake Karl Weule. Alikuwa mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig, ambalo baadaye alikuwa mkurugenzi wake. Alikuwa amekusudia kwenda Kondoa-Irangi, lakini huko kulikuwa na machafuko, akaelekezwa kusini. Akapanda kufuata bonde la mto wetu Lukuledi mpaka Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, akashuka Ruvuma, kisha akapanda Newala na Mahuta. Alikuja na mashine ya kupigia picha, mashine ya kunasa sauti na hata mashine ya picha za sinema. Mwaka 1908 akatoa kitabu chake huko Leipzig, na mwaka 1909 kikatoka kwa Kiingereza huko London, kimefasiriwa na bibi Alice Werner. Jina la kitabu kwa Kijerumani lilituita kwa neno ambalo leo hata Wajerumani wenyewe huliona ni tusi.

ALIKUJA WAKATI GANI?

Kabla hatujasema alichoandika, tuulize alikuja wakati gani, kwani hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilifika kwetu. Misheni ya Nyangao na misheni ya hapa Lukuledi zilichomwa moto. Serikali ya Kijerumani ikajibu kwa bunduki, na baada ya bunduki ikajibu kwa njaa: vijiji vilichomwa, maghala yakachomwa, mashamba yakaharibiwa ili watu wasalimu amri. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba katika kusini yote walikufa watu 250,000 au zaidi, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa na maradhi. Hayo yalikuwa hayajapoa alipofika Bwana Weule. Makaburi yalikuwa mabichi.

Basi fikirini, ndugu. Mzungu anaingia kijijini. Nyuma yake wapo askari wenye bunduki, wa serikali ile ile iliyowanyonga wazee mwaka uliopita. Mkuu wa wilaya wa Lindi, Bwana Ewerbeck, alifuatana naye katika safari ya kwanza mpaka Masasi. Mzungu huyu anaita watu, anauliza maswali juu ya mila zao, anataka akina mama wacheze mbele ya mashine yake, anataka kununua kinyago. Je, mwenye akili atajibu nini? Atajibu kidogo. Atacheka pasipo kichekesho. Atasema ndiyo kwa kila neno. Atauza kinyago, kwa kuwa hajui kukataa kutaleta nini.

Kisha mgeni anaandika kwamba watu hawa ni kama watoto, wana woga, hawana mawazo marefu. Hakuandika kwamba walikuwa wametoka vitani wakashindwa. Au kama alivitaja vita, alivitaja kama habari ya serikali kupata taabu, si habari ya watu kupata msiba. Huu ndio ufundi wa vitabu vile, na si cha Weule tu: hutaja hali ya mtu na kuficha sababu yake. Ukimpiga mtu mguu kisha ukaandika kwamba mtu huyu ana tabia ya kuchechemea, hukusema uongo. Lakini je, umesema kweli?

MFANO WA MAJI NA KICHAKA

Twatoa mfano mwingine ambao kila mtu wa Newala anaujua. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida. Bibi zetu walikuwa wakishuka bondeni na mitungi na kupanda tena, kazi ya nusu siku au zaidi. Wasafiri waliliona jambo hili wakalistaajabia: watu gani hawa wanaokaa mahali pasipo maji, katika kichaka kinene kisichopitika, ilhali mabonde yenye mito yako wazi chini yao? Livingstone alipopita mwaka 1866 akitoka Mikindani kwenda Ruvuma, kichaka kile kilikuwa kinene hata ikambidi awaajiri Wamakonde wamkatie njia ngamia wake.

Kichaka kile hakikuwa ushenzi. Kilikuwa ngome. Njia kuu za watumwa zilipita chini, kutoka Nyasa na Ruvuma kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani. Baadaye wakaja Wangoni, ambao mwaka 1882 waliipiga hata Masasi palipokuwa na misheni. Mtu aliyekaa karibu na maji alikamatwa. Aliyekaa juu kichakani na kutembea mbali kwa mtungi wa maji alilala na watoto wake. Babu zetu walipima taabu mbili wakachagua iliyo ndogo. Hiyo ni siasa, tena siasa ya watu wenye akili.

Na la kustaajabisha ni kwamba Weule mwenyewe aliisikia hekima hiyo akaiandika. Alisimuliwa asili ya Wamakonde: kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, nayo ikawa mwanamke, mtoto wao wa kwanza akafa bondeni karibu na maji, na wa pili naye akafa, mpaka walipopanda juu ndipo mtoto akaishi. Ndani ya hadithi hiyo mna sheria ya afya na ya usalama: bondeni pana maradhi na hatari, juu pana uzima. Lakini katika kitabu sheria hiyo imewekwa pamoja na mambo ya ajabu, kama kitu cha kufurahisha wasomaji wa Ulaya jioni baada ya chakula.

Tuseme na habari ya utumwa, kwa kuwa wasafiri waliiandika sana. Livingstone aliona maiti za watumwa njiani akaandika kwa uchungu, na hilo hatumnyimi sifa. Lakini waliosoma vitabu hivyo Ulaya walifundishwa kwamba utumwa ni ugonjwa wa Afrika na dawa yake ni Ulaya. Hawakukumbushwa kwamba mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Na waliokuja na dawa walipokwisha kuingia, tuliiona dawa yenyewe mwaka 1905.

MAJINA YALIYOFUTWA

Jambo la tatu ni majina. Katika vitabu vile Mzungu ana jina, mbwa wake ana jina, bunduki yake ina jina la kiwanda. Wapagazi ni kundi tu. Mzungu "aligundua" mlima, "alivuka" mto, "alishinda" msitu. Nani aliyemwonyesha njia? Nani aliyejua lugha? Nani aliyebeba?

Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa watoto wa upande wetu huu. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi, akarudi akiwa huru. Aliwaongoza Burton na Speke mwaka 1857, akaenda tena na Speke na Grant, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha akavuka Afrika na Cameron mpaka bahari ya magharibi. Wachache katika mabwana hao waliotembea Afrika kama Bombay. Chuma naye alikuwa Myao. Yeye na Susi na wenzao waliuchukua mwili wa Livingstone mwaka 1873 kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, wakatembea karibu miezi 9, wakaufikisha Bagamoyo. Mwaka 1874 Chuma na Susi walipelekwa Uingereza, wakakaa na Bwana Waller wakimweleza mambo ya safari, naye akatengeneza kitabu cha mwisho cha Livingstone. Juu ya jalada jina ni la marehemu. Mwaka 1881 Sultani Barghash alipomtuma Joseph Thomson Ruvuma kutafuta makaa ya mawe, aliyeongoza msafara alikuwa Chuma yule yule.

Twende Tendaguru, karibu na Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, wakasafirisha kiasi cha tani 225. Mifupa ile ilifika pwani kwa vichwa na mabega ya watu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye wataalamu wa Kijerumani walimtegemea kwa kazi ngumu. Mnyama aliyesimamishwa Berlin hutazamwa na maelfu ya watu kila mwaka. Jina la Boheti lilipewa aina mojawapo ya wanyama wale mwaka 2007 tu, karibu miaka 100 baadaye.

Wala isidhaniwe kwamba watu wetu hawakuwa na macho ya kuona wala mkono wa kuandika. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, akaandika safari yake kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yakachapishwa mwaka 1903. Mtu huyu alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe, serikali ya koloni haikumruhusu. Basi ni nani aliyekuwa mshenzi hapo, msafiri au mwenyeji wake? Na upande wa pili wa Ruvuma padre Yohanna Abdallah aliandika kwa Kiyao historia ya Wayao, ikachapishwa Zomba mwaka 1919. Vitabu hivi vipo. Twauliza: ni wangapi kati yetu, hata sisi tuliopita vyuo vya ualimu, tuliofundishwa majina haya kama tulivyokaririshwa miaka ya Speke na Stanley?

JE, TUVICHOME?

Wapo ndugu wenye hasira wasemao vitabu vile vichomwe. Hasha. Hatuungi mkono rai hiyo. Mtu wa haki hawezi kukana kwamba Weule aliona fahari katika ufundi wa mikono ya watu wetu. Aliwapa watu kalamu na karatasi wachore, akazihifadhi picha zao. Alinasa nyimbo ambazo waimbaji wake wamekufa zamani. Ukizisikia leo, ni sauti ya bibi wa bibi yako. Kumchoma Weule ni kumchoma bibi pamoja naye.

Tunachosema ni kwamba vitabu hivyo visomwe kama hakimu amsikilizavyo shahidi mwenye faida yake katika kesi. Shahidi kama huyo hafukuzwi barazani, huhojiwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, nasi tukijua alivutia upande gani, twaweza kuirudisha ngozi mahali pake. Kila mwalimu na kila kijana akutanapo na kitabu cha namna hiyo na aulize maswali matatu. Nani alimtuma mtu huyu na kumlipa? Nani alisimama nyuma yake na bunduki alipokuwa akiuliza maswali? Na jina la nani halimo? Maswali hayo matatu yatafundisha zaidi ya kurasa mia.

Tena tuseme ukweli hata ukiwa mchungu: jicho la msafiri limeingia ndani yetu. Wakoloni wameondoka tangu 1961, lakini nenda Dar es Salaam usikie jinsi mtu wa kusini anavyochekwa. Mmakonde anafanyiwa mzaha kwa chale zake na kwa matamshi yake. Jina la Wamachinga, ambalo ni jina la ndugu zetu wa Lindi, limefanywa jina la kila mchuuzi wa barabarani. Na wengine wetu, tukipata kazi mjini, tunaficha tulikotoka. Picha za bibi zetu wenye ndonya zilipigwa ili watu wa Leipzig washangae; siku hizi tunazishangaa sisi. Mzungu aliyekuja na askari akatucheka tunamlaumu. Je, Mtanganyika amchekaye Mtanganyika mwenzake, yeye ana askari gani wa kumsingizia?

KAZI ILIYO MBELE YETU

Maneno bila kazi ni upepo. Kwa hiyo twaleta kwa matawi yote ya Masasi na Newala mambo matatu.

La kwanza, wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini wakaandika habari za Maji Maji kutoka kwa wazee walioviona vita kwa macho yao. Kazi ile ilibadili historia ya nchi hii, na ilifanywa katika wakati wa mwisho kabisa, maana wazee wale wote sasa wamekufa. Wetu wa leo wanakumbuka mambo mengine: uchimbaji wa visiki wa mpango wa karanga Nachingwea, ambapo serikali ya Kiingereza ilipoteza mamilioni ya pauni, siku ya Uhuru, wapigania uhuru wa FRELIMO waliofundishwa Nachingwea, na wakimbizi waliovuka Ruvuma, kuhamia vijiji vya Ujamaa. Kijana mwenye simu anayo mashine bora kuliko ya Weule. Aketi na mzee wake kwa adabu, amwombe ruhusa, aandike jina lake na jina la kijiji chake. Yaliyo siri ya jando na unyago yabaki kwa wenyewe. Weule hakuijua mipaka hiyo, sisi twaijua.

La pili, shule. Sasa liko somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na lafundishwa kwa Kiswahili. Hiyo ni nafasi kubwa, lakini somo halifundishi, mwalimu ndiye afundishaye. Mtoto wa Lukuledi ajifunze mto wake kabla ya kujifunza Nile. Ajue Bombay na Chuma walikuwa nani. Ajue kwamba palipo misheni ya kijiji chake palipita moto mwaka 1905, na kwa nini.

La tatu, mali yetu iliyo ng'ambo. Vinyago, picha na sauti alizochukua Weule vilikwenda Ujerumani. Wasituambie kwamba kurudisha hakuwezekani. Mwaka 2010 jumba moja la makumbusho la Geneva lilirudisha kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa mwaka 1984. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa katika Maji Maji. Msamaha ni mwanzo mwema, lakini mwenye kuomba msamaha huonyesha pia alichonacho mkononi. Twataka wawakilishi wetu waiombe serikali ipate orodha kamili ya vitu vilivyotoka Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta: ni kitu gani, kilitoka kwa nani, kililipwa nini. Na kabla hata ya vitu vyenyewe, nakala za zile sauti zije, zipigwe Newala uwanjani, wazee wazisikie na kuzieleza kwa vijana. Hilo halihitaji meli.

Matawi yaliweke jambo hili katika mkutano wa mwezi ujao, na kila tawi lichague vijana wawili wa kuandika habari za wazee wake. Mzee aliye hai leo ndiye wa kuanza naye, wala asingojewe wa kesho.

Uhuru na Kazi!